Kuku Akiumia, Mtoe Kwanza kwa Wenzake

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na majeraha: mwewe, mbwa, mlango wa banda uliombana kuku, kuku wanaodonoana mpaka damu. Nimeziweka zote pamoja, maana jibu la moja linamfaa na mwenye nyingine. Kwa wasomaji wapya, mimi ni afisa mifugo mstaafu. Nilifanya kazi Kilosa, kisha Morogoro mjini, na sasa nina kuku 34 nyuma ya nyumba yangu huku Bigwa, chini ya milima ya Uluguru. Ninayoyaandika ni yale niliyosoma, na yale ambayo kuku wenyewe wamenifundisha kwa kupona au kufa mikononi mwangu.

Shikamoo Mama. Juzi mchana mwewe alimshukia mtetea wangu. Nilipiga kelele, mwewe akamwachia. Ngozi ya mgongo imechanika, kidonda ukubwa wa kiganja cha mtoto, nyama inaonekana. Nilimpaka majivu nikamrudisha bandani asijisikie mpweke. Asubuhi kidonda kimekuwa kikubwa maradufu. Atapona? – Msomaji, Msamvu

Marahaba, mwanangu. Atapona, kama utamtoa bandani sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Kilichokipanua kidonda usiku ule si mwewe. Ni wenzake. Kuku akiona chekundu hudonoa, na akishaonja damu harudi nyuma. Hata kuku waliokua naye tangu vifaranga watamla akiwa hai. Huruma yako ya kutomwacha peke yake naielewa, lakini kwa kuku aliyeumia upweke ndio hospitali. Mweke kwenye tenga au boksi lenye matundu, weka maranda au kitambaa safi chini, funika na kanga, peleka chumba tulivu kisicho na upepo. Giza linamtuliza.

Nusu saa ya kwanza, kama damu haimwagiki, usimguse. Wengi wanakosea hapa. Mtu anamwona kuku wake amechanika, anakimbilia kumwosha papo hapo, na kuku anakufa mikononi. Kilichomuua ni mshtuko, kidonda kingeweza kupona. Joto la kawaida la kuku ni kama nyuzi 41, juu kuliko letu, na aliyeshtuka hulipoteza haraka. Chukua chupa ya maji ya moto, izungushie taulo, iweke ubavuni mwake, na umwachie nafasi ya kuisogelea au kuikimbia. Maji ya kunywa yatie sukari kidogo. Usimmiminie mdomoni! Tundu la kupumulia la kuku liko pale nyuma ya ulimi, na maji ya kulazimishwa huenda mapafuni. Chovya ncha ya mdomo tu, atameza mwenyewe.

Kama damu inamwagika, hapo usisubiri. Kuku wa kilo 2 ana damu isiyozidi kikombe cha chai. Bonyeza kwa kitambaa safi dakika 5 kamili kwa saa, bila kuchungulia. Ukucha ukivunjika na damu haikatiki, chovya kwenye unga wa ngano kisha ubonyeze tena.

Akishatulia, mwoshe. Mshike mabawa yakiwa yamekunjwa mwilini, ila usimbane kifua hata kidogo. Kuku hana kiwambo, ule msuli unaotusaidia sisi kuvuta pumzi. Yeye hupumua kwa kifua kupanda na kushuka. Nimeona mtu mzima mwenye nia njema kabisa akimkaba kuku kifuani ili "atulie", na kweli akatulia. Hakuamka tena.

Kata manyoya yanayozunguka kidonda kwa mkasi, usiyang'oe. Chemsha lita 1 ya maji, tia chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, vijiko visawazishwe, acha yapoe mpaka yawe vuguvugu. Yavute kwa bomba la sindano, bila sindano, urushie maji kidondani mpaka majivu na uchafu vyote vitoke. Ukiwa na iodini ya maduka ya dawa, izimue mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi iliyo nyepesi, upake mara moja. Kisha paka asali safi, tabaka jembamba. Asali huwanyima vijidudu maji na huzuia kidonda kukauka na kupasuka. Rudia kuosha na kupaka kila siku mpaka nyama nyekundu yenye afya ijae.

Usishone. Kidonda cha juzi kimeshaingia uchafu, ukikifunga unaufungia ndani. Ngozi ya kuku ina ajabu yake: kidonda kikiwa safi na kikiachwa wazi, hujivuta kingo kwa kingo. Kidonda cha mgongoni cha ukubwa wa kiganja cha mtoto nimekiona kikifunga kwa wiki tatu.

Mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni inzi. Akitaga leo, kesho mabuu wako ndani ya nyama. Funika tenga kwa chandarua cha zamani, na ukiona mabuu watoe mmoja mmoja kwa kibanio, osha kwa maji ya chumvi, angalia tena jioni. La pili ni usaha. Wengi wanasubiri usaha utiririke kama wa mtu. Usaha wa kuku hautiririki. Huganda ukawa mgumu, wa njano, kama kipande cha ugali uliolala. Hautatoka wenyewe. Ukiuona chini ya ngozi, hilo ni la daktari wa mifugo, maana lazima lifunguliwe na kutolewa lote.

Mama, kwetu vidonda vya mifugo tunapaka oili chafu ya gari au mafuta ya taa, na vinapona. Kwa nini mnatukataza? – Mfugaji, Dumila

Kwa sababu kuku hujichambua manyoya kwa mdomo mchana kutwa. Ukimpaka oili chafu mgongoni umemlisha oili chafu. Mafuta ya taa huunguza nyama mbichi, na ile ngozi inayobabuka unayodhani ni dalili ya kupona ni ngozi iliyokufa. Wanaopona hupona licha ya oili, si kwa sababu yake. Usiweke.

Na ile dawa ya zambarau, GV, ambayo wengi mnaisifu kwa sababu inaficha wekundu wa damu? Ni kweli inaficha. Lakini kuna shaka juu ya usalama wake kwa mlaji, na nchi kadhaa zimeizuia kwa wanyama wanaoliwa. Mimi siitumii kwa kuku wa mayai wala wa nyama. Tenga linaficha wekundu vizuri zaidi.

Temba wangu wa miezi minne ameumia mguu, sijui ni nani kamkanyaga. Analala mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Nimemfunga vijiti wiki mbili sasa, hajasimama, na mwingine naye ameanza. Nimkaze zaidi? – Msomaji, Dodoma

Hapana, mdogo wangu. Mfungue. Sidhani kama kuna mtu aliyemkanyaga.

Mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, umri wa miezi minne, na mwenzake kuanza vilevile: picha hiyo ni ya Mareksi. Ni virusi vinavyovimbisha mishipa ya fahamu ya miguu. Huenea kwa vumbi la manyoya bandani. Hakuna dawa. Chanjo ipo, lakini hutolewa kwa kifaranga siku ya kwanza, pale pale kwenye mashine ya kuangulia. Watenge hao wawili, mwite afisa mifugo wa kata awaangalie, na safari ijayo unaponunua vifaranga, uliza kwanza kama wamechanjwa Mareksi.

Nataka wasomaji wote mlishike hili kabla ya kukata vijiti. Mguu uliovunjika huja ghafla: asubuhi alikuwa mzima, jioni anachechemea. Huwa ni mguu mmoja. Umevimba, una joto, ukiugusa anapiga kelele, pengine unasikia mfupa ukisagana. Na macho yake mang'avu, anakula. Ugonjwa huja polepole, humkondesha, na huchukua zaidi ya mmoja. Vivyo hivyo kwa shingo. Nimeletewa kuku waliopinda shingo, mwenye kuku akiapa kwamba mtoto wa jirani kawapiga mawe, kumbe ni mdondo, ule ambao wengine mnauita kideri. Ukiona shingo imepinda na banda zima linaharisha kijani, usitafute jiwe. Chanjo ya mdondo ya I-2 ni tone moja tu jichoni kila baada ya miezi 3.

Kama kweli ni mfupa, angalia umevunjika wapi. Ukiwa kwenye ule mguu mkavu wenye magamba, unafungika nyumbani: nyoosha taratibu, zungusha pamba, weka vijiti viwili vya aiskrimu pande mbili, funga kwa bandeji isiyokaza. Angalia vidole kila siku. Vikivimba au kuwa baridi, umekaza mno, legeza. Wiki tatu zinatosha, kwa maana mifupa ya ndege huunga haraka kuliko yetu. Ukiwa umevunjika juu, ndani ya paja lenye manyoya, vijiti havitashika. Mweke kwenye boksi dogo asiloweza kutembea humo, chakula na maji mbele ya mdomo, na umwombe daktari amwone.

Salamu Mama kutoka Voi. Jogoo wetu alishikwa na mnyama usiku, nadhani ni nguchiro. Bawa limening'inia, mfupa umetokeza karibu na bega. Leo asubuhi pia amevimba upande mmoja wa kifua, ukimgusa ni kama puto. Tumwoshe na kumfunga? – Msomaji

Kaka yangu, mfupa huo usiumwagie maji. Nakuomba.

Nitakueleza nilivyojifunza. Nilikuwa mwaka wangu wa pili kazini, Kilosa, na mama mmoja alinileta kwake kumwona kuchi wake, jogoo mzuri mrefu, fahari ya nyumba. Bawa limevunjika pale juu, mfupa nje. Nilikuwa na chupa yangu ya maji ya chumvi na bidii yote ya ujana. Niliosha lile tundu kwa nguvu, nikitaka litakate. Jogoo alikohoa, akafungua mdomo, maji yakamtoka puani, akafa huku mama yule amesimama na beseni mkononi. Sikuelewa mpaka nilipofungua kitabu usiku. Mfupa wa juu wa bawa, ule unaoungana na bega, kwa ndege una uwazi ndani, na uwazi huo umeungana na vifuko vya hewa vya kupumulia. Nilikuwa nimemzamisha kwa maji, kupitia bawani. Sijamsahau yule mama. Hakunilaumu hata neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa hiyo: futa tu pembeni ya jeraha kwa kitambaa chenye maji ya chumvi kilichokamuliwa. Funika mfupa kwa shashi safi yenye unyevu. Kunja bawa kama anavyolikunja mwenyewe akiwa mzima, kisha lizungushie bandeji pamoja na mwili, ukipita chini ya bawa la pili ili libaki huru. Usikaze, vidole vyako viwili viweze kupita kati ya bandeji na kifua, apumue. Mfupa uliotokeza nje unahitaji dawa ya kuua vijidudu na mkono wa daktari leo, si keshokutwa.

Na huo uvimbe wa puto ni hewa. Jino la mnyama limetoboa kimoja cha vifuko nilivyovitaja, na hewa inavujia chini ya ngozi. Unatisha kuuona, ila mara nyingi tundu la ndani hujiziba katika siku chache. Kama jogoo anapumua vizuri, mwache. Kama uvimbe unamlemea, unamzuia kupumua au kula, daktari atatoboa ngozi kidogo kwa sindano safi, hewa itoke, na huenda arudie. Asitoboe mtu kwa sindano ya kushonea nguo.

Mambo ya meno nayo: meno ya mnyama huacha tundu dogo juu na uchafu mwingi chini. Jeraha la mwewe lililochanika wazi linatisha kuliko jeraha la nguchiro lenye vitundu vinne, lakini la vitundu ndilo linaloua siku ya tatu.

Kuku wetu 25 wanadonoana sehemu ya haja mpaka utumbo unatoka. Nimepoteza watatu. Niwakate midomo? – Msomaji, Kilifi

Pole sana. Kabla ya kukata mdomo, nipimie banda lako. Kuku wakubwa 4, mwisho 5, kwa mita moja ya mraba. Wakizidi hapo watadonoana hata uwakate midomo.

Kisha angalia vitagio. Koo anapotaga, sehemu ya ndani hutokeza kidogo, nyekundu na yenye unyevu, kwa muda mfupi. Akitagia sakafuni mwangani, wenzake wanaiona wanaidonoa. Kitagio kimoja kwa kuku 4 au 5, kiwe pembeni, chenye giza, kipaziwe gunia mbele. Chakula nacho: pumba tupu haitoshi, wakikosa protini na chumvi hutafuta nyama na damu kwa mwenzao. Waongezee dagaa wa kusaga au mashudu ya alizeti. Dirisha linaloingiza jua kali libandike gunia. Na wape kazi: funga fungu la mchicha au kabichi nzima kwa kamba, lining'inie usawa wa vichwa vyao. Watashinda wakilirukia.

Midomo iache. Kuku huria anaihitaji kutafutia riziki.

Asalaam aleikum. Mbwa asiyejulikana alimuuma kuku wangu, bado anapumua. Naweza kumchinja tule? – Msomaji, Tanga

Waaleikum salaam. Aya ya 3 ya Sura ya Al-Maida, inapotaja aliyeliwa na mnyama, inamtoa yule mliyewahi kumchinja akiwa hai. Undani wake muulize sheikh wako. Upande wangu mimi ni huu: kama ni kumchinja, iwe sasa hivi, maana kesho vijidudu vya meno vitakuwa vimeenea mwilini. Sehemu iliyoumwa na nyama yote iliyovilia damu ikate uifukie, iliyobaki ipike iive sawasawa. Kama ameshachomwa sindano ya dawa, usile mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa. Na mayai ni vivyo hivyo.

Ila mimi ninayemhofia zaidi ni wewe. Mbwa asiyejulikana anaweza kuwa na kichaa, na mate yake yako kwenye manyoya ya huyo kuku. Hapo mimi nisingekula. Ningemtoa kuku uhai haraka, nikiwa nimevaa glavu, nimfukie. Kama ulimshika kwa mikono mitupu na una mchubuko wowote, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali leo, uwaeleze habari ya mbwa.

Mama, ulinisaidia mwezi uliopita, kuku wangu amepona kabisa kule chumbani. Nimemrudisha, wenzake wamempiga mpaka amejificha nyuma ya debe. Wamemsahau? – Msomaji, Mikese

Ndiyo, mwanangu, wamemsahau, au tuseme wamempa mwingine nafasi yake. Kuku wana ngazi yao, nani ale kwanza, nani alale juu. Ukikaa nje wiki tatu ngazi inajipanga upya bila wewe, na ukirudi wewe ni mgeni.

Mtoe tena. Kesho mweke ndani ya tenga, tenga liwe katikati ya banda, wamwone, wale pamoja naye wavu ukiwa kati, siku 4 au 5. Tafuta mmoja aliye mpole umtie naye tengani siku za mwisho, wapate kuzoeana. Hakikisha manyoya yamefunika kovu. Likionekana jekundu bado, subiri. Halafu mtoe usiku, wakati wote wamelala, umpandishe taratibu kwenye fito katikati yao. Asubuhi uwahi kabla ya jua, uweke chakula vyombo viwili mbali mbali, ukae hapo.

Watamdonoa kidogo kichwani, hilo ni la kawaida, usiingilie. Damu ikitoka, ingilia. Nina mtetea mweusi hapa aliyechanwa na mbwa mwaka jana, alihitaji majaribio matatu. Jioni ya tatu nilisimama mlangoni na tochi, nikamwona amelala kati ya jogoo na yule mkubwa aliyekuwa akimpiga, kichwa chini ya bawa.